Nyungu au chai ya tangawizi kwa mwenye pumu?

Bimkubwa ana pumu tangu sijazaliwa, na baridi ya Juni ikianza tu majirani hao na ushauri wao, huyu anasema nyungu yule anasema tangawizi, basi vyote tumejaribu.

Nianze na nyungu maana ndo ilivuma sana 2020 kipindi cha korona. Unachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, unajifunika blanketi, unavuta mvuke. Kwa mafua ya kawaida pua inazibuka kweli, sibishi. Ila kwa mwenye pumu ngoma ni nyingine, harufu kali na lile joto vinaweza kubana njia ya hewa badala ya kuifungua, na sufuria ikimwagika umeungua mapaja bure. Bimkubwa alikaa dakika mbili tu akatoka anahema kama kakimbizwa, tangu siku hiyo blanketi limerudi kitandani.

Chai ya tangawizi haina vituko hivyo. Umoto wake unatuliza koo, kohozi linalegea, na majani ya chai yenyewe yana kafeini ambayo inafungua njia ya hewa kidogo, kidogo sana lakini. Anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda asizidishe tangawizi, amuulize daktari kwanza.

Mi naona chai inashinda mbali, ila kifua kikibana usisubiri birika lichemke bana, vuta inhela ya salbutamol, inafanya kazi ndani ya dakika chache. Bimkubwa yake kaifunga kwenye pindo la kanga, hata jikoni anaenda nayo.