Slomo kutoka klipu ya fremu 25: uzoefu wangu na DaVinci Resolve

Napiga video za harusi. Kamera ninayoipenda kwa rangi zake hairekodi zaidi ya fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, na maharusi wote wanataka slomo, yaani mwendo wa polepole. Ukipunguza mwendo wa klipu hiyo hadi robo, kila sekunde inabaki na fremu sita tu za kweli na ushei. Zilizobaki itabidi programu izitafute.

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, hata toleo lake la bure, inakupa njia tatu. Nearest inarudia fremu ileile, kwa hiyo bibi harusi anatembea kwa kushtukashtuka. Frame Blend inachanganya fremu mbili jirani, na mkono mmoja unaonekana miwili. Optical Flow ndiyo ninayoitumia: inafuatilia kila sehemu ya picha imehamia wapi kati ya fremu mbili, kisha inachora za katikati. Shela ikipeperushwa na upepo wa baharini inatoka laini kabisa. Kwa kitu cha bure, huu ni msaada mkubwa mno.

Ina mipaka yake, nayo ni ya njia yenyewe, maana huwezi kuchora kisichoonekana. Mkono ukipita mbele ya uso, kilichojificha nyuma yake hukisiwa, na kingo za vidole zinavimba na kuyeyuka. Nondo za dirisha nazo zinaichanganya, kwa kuwa zinafanana zote. Mchele unaorushwa hewani ndio usiseme.

Dawa kubwa iko kwenye kamera. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwa kawaida kwa fremu 25 ni sekunde 1/50. Picha ninazojua zitakuwa slomo nazipiga kwa 1/100 ili kingo ziwe kali, na kwa umeme wetu wa hezi 50 taa nyingi hazipepesi. Natafuta ukuta mtupu au anga nyuma ya mtu. Kisha sishuki chini ya nusu ya mwendo, maana hapo kwa kila fremu ya kweli inachorwa moja tu.

Toleo la kulipia, Studio, lina Speed Warp, njia nyingine ya kuchora fremu za katikati, ambayo kwa vitambaa na nywele ni bora zaidi, ila inaidai sana kadi ya picha (GPU) ya kompyuta. Kama unafanya harusi moja moja, la bure linatosha. Dansi la kuingia ukumbini, lirekodi kwa kamera ya fremu 100 au 120.