Bastola inakwama: ubadili springi au risasi?

Swali hili halikosekani wenye leseni wanapokutana hapa Mwanza, hasa akiwepo ndugu aliyerudi kutoka Marekani, ambako wengi hujijazia risasi nyumbani. Kwetu, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Kwa gharama, anza na risasi. Jaribu boksi moja la kiwandani. Bastola ikitulia, huenda springi (ile inayorudisha slaidi, kipande cha juu cha bastola, mbele baada ya kila mlio) haina kosa. Aliyejaza mwenyewe atazame baruti: ikiwa pungufu, slaidi hairudi nyuma vya kutosha na ganda hunasa badala ya kuruka. Lakini asiongeze kwa kukisia, maana mtutu unaweza kupasuka na kumuumiza. Kisha apime urefu wa risasi nzima. Risasi ya 9 mm haipaswi kuzidi milimita 29.69. Kipimo ninachokipenda hakidai hata senti: vua mtutu, dondosha risasi ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ikiingia bila kusukumwa na kutoka yenyewe ukiugeuza, umbo lake ni sawa.

Springi inashinda kwa utulivu wa muda mrefu. Ikichoka, slaidi haifungi mbele sawasawa hata kwa risasi nzuri. Ila ukifunga ngumu mno, risasi dhaifu zitakwama vilevile. Na unyevu wa ziwani huleta kutu, kwa hiyo wa Kirumba na Igombe wakague magazini, yaani kasha linalobeba risasi, mara kwa mara.

Bastola kongwe, isiyojulikana imepiga mara ngapi? Ningempelekea fundi abadili springi. Imeanza kukwama ulipobadili risasi? Usiiguse springi kwanza.