Santuri ya Dhahabu ya Voyager: Tathmini ya Toleo la Ozma Records

Mwaka 1977, vyombo vya anga Voyager 1 na Voyager 2 viliondoka duniani vikiwa vimebeba kila kimoja santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, kwa matumaini kwamba huenda siku moja viumbe wenye akili wakaikuta na kuisikiliza. Miaka 40 baadaye, kampuni ya santuri ya Ozma Records ilitoa toleo lake kwa ajili yetu tuliobaki huku: santuri tatu za rangi ya dhahabu pamoja na kitabu chenye picha zilizotumwa angani na maelezo ya muziki. Nimelisikiliza zaidi ya mara moja nikijiuliza iwapo kweli huu ni ujumbe wa dunia nzima.

Kwa upande wa sauti sina lawama, kwa kuwa waandaaji walirudi kwenye kanda za awali. Wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, unasikika kana kwamba waimbaji wamekaa chumba cha pili, sauti zao zikipokezana na kusukana. Kitabu nacho kimefanya kazi ya haki: ngoma ambazo kwa miongo kadhaa zilitajwa kuwa za Senegali, sasa zimerudishiwa wenyewe, yaani wanamuziki wa Kimahi wa Benin. Kwangu mimi, sahihisho hilo peke yake linatosha kuliheshimu toleo hili.

Hata hivyo, uteuzi wenyewe, uliofanywa kwa haraka na kamati ndogo chini ya mwanaastronomia wa Marekani Carl Sagan, haukuwa na mizani. Kati ya vipande 27 vya muziki, viwili tu vimetoka Afrika, ilhali Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, peke yake amepewa vitatu. Salamu zimetolewa kwa lugha 55, nyingi zikiwa zimerekodiwa na watu wa Chuo Kikuu cha Cornell, na humo zimo Kisumeri na Kiakadi, lugha ambazo hazina mzungumzaji kwa karne nyingi, lakini Kiswahili hakimo. Nakiri kwamba pengo hilo limeniuma. Nilipata faraja kwa majirani: Kiganda kinawatakia wasikilizaji amani ya kila siku, na katika salamu ya Kinyanja, inayowajulia hali watu wote wa huko juu, Mswahili hatahitaji mkalimani kutambua neno “bantu”.

Sehemu ya Umoja wa Mataifa inaanza na hotuba ya Katibu Mkuu wa wakati huo, Kurt Waldheim, iliyo rasmi mno, kisha salamu za wajumbe wa nchi mbalimbali zinachanganywa na sauti za nyangumi. Hapo ndipo nilipohisi kwamba dunia, na si taifa moja, ndiyo inayozungumza.

Bei ni kubwa, takriban dola 100 lilipotangazwa, na mwenye kusikiliza santuri anahitaji pia mashine yake; lipo toleo la CD kwa asiye nayo. Anayetaka salamu pekee asitumie fedha zake, kwani NASA, shirika la anga la Marekani, imeziweka kwenye intaneti bila malipo. Ninalipendekeza kwa maktaba za vyuo na kwa wanaofundisha muziki, ambao watanufaika zaidi na kitabu na wimbo ule wa Ituri.