Kibahasha cha mafua cha duka la dawa: kipi ubaki nacho, kipi urudishe kaunta

Ingia duka la dawa la mtaani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, useme una mafua. Mara nyingi utatoka na kibahasha cha kaki chenye Panadol, vidonge vya mchanganyiko vya mafua, Piriton, na kapsuli sita za amoksilini za rangi mbili. Juu ya kila kimoja pameandikwa kwa kalamu 2x3 au 1x3. Tumekipitia dawa kwa dawa. Tunakipa alama mbili kati ya tano, na karibu zote zimeletwa na Panadol.

Panadol ya kawaida ina parasetamoli miligramu 500. Inashusha homa, inatuliza kichwa na maumivu ya mwili. Mtu mzima anameza kimoja au viwili kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 8 ndani ya saa 24. Kwa mtoto hesabu inafuata uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Mwenye kilo 12 anatosheka na mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Pima kwa kikombe au bomba la dawa, kwani vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kasoro kubwa iko kwenye vidonge vya mchanganyiko. Geuza pakiti usome viambato: kwa kawaida parasetamoli imo tena humo. Sasa piga hesabu ya maandishi ya kalamu. Panadol 2x3 ni gramu 3. Mchanganyiko 1x3 wenye miligramu 500 ni gramu 1.5. Jumla gramu 4.5, na kikomo ni 4, mgonjwa akiwa amefuata maelekezo sawasawa. Ongeza kikombe cha dawa ya unga ya mafua usiku na umezidi zaidi. Ini likizidiwa huishiwa kinga yake na seli zake hufa. Hatari yake ni ukimya: siku ya kwanza huenda ukahisi kichefuchefu tu, manjano yakatokea siku mbili tatu baadaye, ilhali dawa ya kuokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza dozi iliyozidi. Chagua kimoja, Panadol au mchanganyiko.

Tena, kinachoitwa kizibua pua ndani ya mchanganyiko mara nyingi ni fenilefrini. Septemba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, walikubaliana kwa kauli moja kwamba ikimezwa kwa dozi ya kawaida haizibui pua, na Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye dawa hizo. Sehemu kubwa huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kufika kwenye damu. Mwenye presha asiiguse bila ushauri. Matone ya puani ya zailometazolini yanazibua kweli, ila yasipite siku 5, la sivyo pua itaanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe. Kwa mtoto chini ya miaka 6, acha mchanganyiko kabisa. Matone ya maji ya chumvi yanatosha.

Piriton inapunguza kidogo makamasi ya siku mbili za mwanzo na inaleta usingizi. Ni ya usiku. Dereva wa bodaboda asiimeze asubuhi.

Amoksilini irudishe. Inafanya kazi kwa kubomoa ukuta wa bakteria, na kirusi cha mafua hakina ukuta huo. Makamasi ya kijani si ushahidi wa bakteria. Rangi hiyo hutoka kwenye seli nyeupe za mwili zinazopambana. Mafua huisha yenyewe siku ya 7 hadi 10, ndiyo maana kapsuli husifiwa kwa kazi isiyo yao. Kapsuli sita ni siku mbili tu: hazitibu kitu, lakini zinawapa bakteria wa kooni na tumboni nafasi ya kuwa sugu.

Kuna wakati inahitajika, na hapo ni baada ya kupimwa. Mafindofindo yenye usaha, homa na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi. Maumivu ya uso na makamasi mazito yaliyopita siku 10 bila nafuu. Nimonia ya mtoto: mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni safari ya kituo cha afya leo hii. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri hata kuhesabu. Homa nayo ipimwe malaria kwanza.

Kikohozi kikifika wiki mbili, usinunue kibahasha cha pili. Peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali, Tanzania na Kenya, kipimo hicho ni bure.