Hukumu Tatu za Mahakama za Arusha: Usomaji wa Mwisho wa Mwaka

Kwa msomaji wa Arusha au Moshi anayetafuta cha kusoma Desemba, wakati shughuli zinapopungua na watu wanarudi migombani, napendekeza hukumu tatu za mahakama zilizoweka makao Arusha. Zote zinapatikana bure mtandaoni.

Iliyo bora kuliko zote ni ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na iliyokuwa ikikaa katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha. Akayesu alikuwa meya wa Taba, nchini Rwanda, na mahakama iliona kwamba alijitahidi kuzuia mauaji katika eneo lake mpaka tarehe 18 Aprili 1994, alipohudhuria mkutano na viongozi wa serikali ya muda, kisha akageuka. Kurasa hizo zisomwe polepole, kwa kuwa zinaonyesha jinsi madaraka ya kawaida ya ofisi, yale yale ya kuitisha mikutano na kuamuru polisi, yanavyoweza kuelekezwa kuwaangamiza raia. Mzito zaidi ni ushahidi wa wanawake wanaotajwa kwa herufi tu. Ushahidi wa namna hiyo ulichangia hati ya mashtaka kurekebishwa mwaka 1997 ili kuongeza mashtaka ya ubakaji, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Sura za tafsiri za kisheria zinachosha. Anza na matukio.

Hukumu ya Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa Tanzania, iliyotolewa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tarehe 14 Juni 2013, inafuatilia suala la mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama, tangu Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2010 ililiachia Bunge. Majaji waliona kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama ni kukiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kila mpiga kura wa Tanzania ana sababu ya kuisoma.

Nilizisoma zote tatu kwa Kiingereza kizito cha kisheria, na ninasikitika kwamba wengi watashindwa kwa sababu hiyo.

Ya tatu, ya Desemba 2014, inamhusu Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka. Mahakama ya Afrika ilisema kifungo hicho kilivunja uhuru wa kujieleza. Usiishie hapo: soma pia maoni ya majaji waliotofautiana na wenzao, ambao hawakuridhika kuona kashfa ikibaki kosa la jinai hata pasipo kifungo.