Kipimo cha floraidi kwa kisima chako: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Naanza na cha mwisho kabisa, maana ndicho kinachouzwa zaidi: kalamu ya TDS. Fundi wa filta alifika kwa shangazi yangu Usa River, akaichovya kwenye glasi, ikasoma 280, akatangaza kwamba maji ni salama. Kalamu ile hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Haijui kama chumvi hizo ni za mezani, ni magadi au ni floraidi. Na huku Arusha na Meru, ambako meno ya kahawia humtambulisha mtu kabla hajasema kwao ni wapi, swali ni floraidi, maana ikizidi majini ndiyo inayoyapaka meno rangi hiyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ulimi hauwezi kukuambia umevuka. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Namba moja kwa familia: usinunue kifaa. Peleka sampuli maabara ya maji, kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji yaleyale. Floraidi ya kisima kirefu hutoka kwenye miamba ya volkano, haibadiliki kila asubuhi. Pima mwishoni mwa kiangazi, rudia baada ya masika.

Namba mbili: kolorimita ya mkononi. Hii inafaa shule, au mwenye visima vitatu vinne. Unatia dawa nyekundu iitwayo SPADNS, floraidi inaipausha rangi, kifaa kinasoma imepauka kiasi gani. Nyingi huishia miligramu 2, kwa hiyo maji yenye 6 lazima uyazimue kwanza kwa maji yaliyokenekwa, na kosa lolote la kuzimua linazidishwa mwishoni. Maji yaliyotiwa shabu huidanganya, kwa sababu alumini hushikana na floraidi. Dawa yenyewe ni asidi, na baadhi ya aina zina aseniki, hivyo usimwage bustanini.

Namba tatu: mita yenye elektrodi ya floraidi, yaani kijiti cha kupimia kinachochovywa majini. Hapa nitakaa kidogo, maana mashine ya kujiendesha nayo imejengwa juu ya kitu hikihiki. Kwenye ncha ya elektrodi pana kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi, ugunduzi wa Frant na Ross wa mwaka 1966. Fuwele ile ni kama mlango wenye bawabu: floraidi ndiyo inayopita ndani yake, chumvi nyingine zinabaki nje, na tofauti ya pande mbili inazaa volti ndogo. Kila floraidi inapoongezeka mara kumi, volti hushuka kwa milivolti 59 hivi, maji yakiwa na nyuzi 25.

Hesabu hiyo ina ukali wake. Elektrodi ikihama milivolti 5 tu, maji yenye 1.5 yatasomeka 1.8 au 1.2, na hapo unaweza kufunga kisima kizima au kufungua kibaya. Ndiyo maana kila siku ya kupima unaanza na maji mawili ya kipimo, yaani yenye floraidi inayojulikana, ya miligramu 1 na ya 10 kwa lita, kisha unachanganya sampuli nusu kwa nusu na bafa ya TISAB, dawa ya maji ya kuyaandaa kwa kipimo. Bafa hiyo huiweka pH, yaani kiwango cha uchachu, kwenye 5 na ushei na kuichomoa floraidi kutoka kwa alumini na chuma. Muuzaji akikuambia TISAB si lazima, tafuta muuzaji mwingine.

Namba nne: mtambo wa kujiendesha. Ni kazi hiyohiyo, ila mkono wa mtu umeondolewa. Pampu ndogo huvuta maji bombani, nyingine huongeza bafa, chumba cha kupimia hutunzwa kwenye joto moja, elektrodi inasoma. Kila baada ya muda uliopangwa, mtambo hujinywesha maji ya kipimo na kujirekebisha wenyewe. Matokeo huenda kwa simu au kwenye kompyuta ya mradi.

Kwa kisima cha kawaida ni kuchezea pesa. Lakini kwa mradi unaochanganya maji ya kisima na ya chemchemi, au unaochuja kwa mkaa wa mifupa kama ule uliofanyiwa kazi Ngurdoto, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, ningeupandisha hadi namba moja. Mkaa ule hunasa floraidi hadi unashiba. Siku unaposhiba, maji hutoka yakiwa meupe vilevile, na hakuna wa kukushtua ila kipimo. Kabla ya kulipa, uliza bafa inaisha kwa siku ngapi, nani ataleta nyingine, na umeme ukikatika usiku mtambo unaamka wenyewe au unamsubiri fundi kutoka Dar. Bei ya sanduku ndiyo ndogo, mama wa gharama ni dawa na elektrodi za kubadilisha.

Ukinunua mita au mtambo uliotumika, nenda dukani na chupa zako mbili za maji ya kipimo na bafa. Changanya kila moja na bafa, soma milivolti za chupa ya miligramu 1, kisha za ile ya 10. Tofauti ikiwa kati ya 54 na 60, elektrodi ni nzima. Ikiwa 40, isugue kidogo, isuuze, ujaribu tena. Ikibaki 40, mwachie mwenyewe.