Mkaguzi wa paa aliyeogopa kuchafua shati

Nyota moja. Hata hiyo moja namtilia mwenzake aliyekuja baadaye, nitamfikia.

Juu ya korido kulikuwa na doa, rangi ya chai ya rangi, upana wa sinia. Nikapiga simu, nikaahidiwa mkaguzi wa paa. Kijana akafika, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda hatua nne au tano, akachungulia vigae vya lami kama mtu anayechungulia uani kwa jirani, akapiga picha mbili, akashuka. "Vigae vimechoka. Paa lote libadilishwe." Maji ya chai niliyombandikia hayajachemka bado.

Nikamwambia, mwanangu, hili doa linalowa hata wiki ambazo mvua haijanyesha, hasa asubuhi za baridi. Mfuniko wa kupandia darini huu hapa, tochi ninayo. Akatazama mfuniko. Akatazama shati lake, jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono. Kisha akasema: "Mama, maji hayatoki darini, yanatoka juu. Haya ya kitaalamu tuachie sisi."

Tuachie sisi! Neno hilo nililala nalo na nikaamka nalo.

Asubuhi moja ya baridi nikafunga kanga kiunoni, nikapanda mwenyewe. Harufu ya kuvu ilinipokea kabla ya kichwa kuingia. Ncha za misumari iliyoshikilia vigae zilikuwa zimetokeza kwenye mbao, mamia kwa mamia, na karibu kila ncha ilikuwa na tone linaning'inia. Mbao chini yake zimepiga weusi. Bomba la feni ya bafuni, ambalo lilipaswa kutoka hadi nje, lilikuwa limeachiwa humo humo, mdomo wazi. Maana yake kila aliyeoga maji moto nyumba hii, mvuke wake ulihamia darini, ukagusa misumari iliyopoa, ukawa maji. Jua lilipopanda nikazima tochi. Pale upenuni panapoingilia hewa unatakiwa uone mwanga hafifu. Mimi niliona giza tupu, kwa sababu aliyetandaza sufi ya kuhami joto aliisokomeza mpaka pembeni akaziba matundu yote. Hewa iingie wapi, ili itokee kwenye mgongo wa paa? Kanuni za ujenzi za Marekani, ambako vigae hivi vimejaa, zinataka futi 1 ya mraba ya nafasi ya hewa kwa kila futi 150 za eneo la darini, au kwa kila 300 masharti fulani yakitimia. Kwangu hata panya angekosa pumzi.

Nikapiga simu ofisini. Sitaandika niliyoyasema.

Wakamleta mzee mmoja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Linalowa lini, mama?" Nilitaka kulia. Alipanda darini akitambaa juu ya mbao, magoti yakalowa vumbi, akarudisha sufi nyuma kwenye upenu, akatoa bomba la feni nje. Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi tamu ya mimi kumshinda kijana.

Lakini mzee hakuishia hapo. Alinikabidhi tochi nikae darini, yeye akapanda juu na mpira wa maji, akianzia chini karibu na mifereji, akipanda polepole, kila sehemu akiimwagilia kwa muda. Hakuna kitu, hakuna kitu. Alipofika kwenye bomba la kutolea hewa ya choo, nikaona uzi wa maji unateleza juu ya boriti. Haukudondoka palepale. Ulifuata boriti urefu kama wa mkono na nusu, ndipo ukaanguka, juu ya doa langu kabisa. Mpira unaokumbatia bomba ulikuwa umepasuka.

Kwa hiyo maji yalitoka juu. Kijana wa shati alisema kweli, nusu yake, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana aliotea tu. Vigae vyenyewe mzee alivikagua: vimepukutisha chembechembe kidogo, lakini vimelala vizuri, havijajikunja ncha. Kilichobadilishwa ni kipande kimoja cha mpira.

Basi niwape nyota tatu? Mzee ni wao pia, na ni wao waliomtuma. Lakini wa kwanza pia walimtuma wao, na bili ya ukaguzi wake wa hatua tano za ngazi bado wananidai. Siilipi. Labda nusu. Hapana, siilipi.

Doa sijalipaka rangi. Tangu mzee aondoke mvua imenyesha mara mbili tu, tena za rasharasha.